Senene wa Deo

Jumatatu, 4 Desemba 1978
Nimemenya ndizi, nimeteka maji, nimegeuza kahawa kwenye mkeka. Redio ni vita tu. Deo hajaandika tangu apelekwe mpakani. Mama mkwe amemkaangia senene, kopo zima. Askari mwenzake yuko kwao Kamuli, wilaya yetu hii, kwa likizo ya ugonjwa, atapita Jumamosi kulichukua. Mimi nisionje. Nyumba hii mwanamke hukamata senene, huwanyonyoa mbawa, huwakaanga, lakini hawali. Ni mwiko. Vidole vyangu vinanukia mpaka sasa.

Jumanne, 5 Desemba
Nimekula. Wachache tu. Mama mkwe alikuwa kanisani kuwaombea askari.

Jumatano, 6 Desemba
Tena. Nilijiambia namkumbuka mume wangu. Uongo. Ni watamu, basi. Sina hata mimba ya kusingizia.

Alhamisi, 7 Desemba
Kopo limebaki nusu. Nimelitikisa ili lionekane limejaa. Mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Desemba
Mama mkwe kafungua kopo. Kelele mpaka kwa majirani. Mimi hakunishuku, mkewe Deo hawezi kuvunja mwiko. Alimgeukia Koleta, mama wa Kinyarwanda anayetupalilia migomba kwa mkungu mmoja kila wiki.
“Nyie hamna mwiko! Mwanangu yuko vitani, wewe unamlia chakula chake!”
“Sijaingia ndani, mama,” Koleta alisema. Mara moja tu.
Nilikuwa hapo hapo, kisu cha ndizi mkononi. Sikufungua mdomo. Kafukuzwa bila mkungu wake. Ana watoto wanne.

Jumamosi, 9 Desemba
Askari kapita, anachechemea. Kaondoka na nusu kopo. Anasema Deo ni mzima, na huko kambini anajisifu kwamba kaoa mke mwaminifu. 

Jumapili, 10 Desemba
Koleta alikaa benchi la mwisho, peke yake. Habari imeshaenea Ihembe nzima. Baada ya ibada nilimfuata njiani, nikamwambia yote. Hakushangaa.
“Nilikuona Jumanne, nikipita mlangoni. Ningesema, nani angeniamini? Mimi mkimbizi, wewe mke wa askari.”
Nikamwambia nitakiri kwa mama mkwe.
“Usithubutu. Watasema nimekulisha dawa ili ujitwike kosa langu.”
Hana kosa, na ndiye anayeogopa. Najichukia.

Jumatatu, 11 Desemba
Nilitaka kusema asubuhi. Nikafagia uwanja. Nilitaka kusema jioni. Nikafagia tena.

Jumanne, 12 Desemba
Nimesema. Nilingoja jirani aje, ili kuwe na shahidi na mambo yasifunikwe. Nikasema ni mimi, hakuna aliyenilisha dawa, ni ulafi. Jirani aliaga haraka. Mama mkwe akasema, “Deo asijue. Huko aliko ana vita vya kutosha.” Hajanitazama tangu hapo. Nilikata mkungu, nikaupeleka kwa Koleta mwenyewe. Ulinielemea njia nzima. Aliupokea, akauingiza ndani.

Alhamisi, 14 Desemba
Koleta amerudi. Watoto lazima wale. Mama mkwe hakumwomba radhi, alimwonyesha tu mstari wa kuanzia. Nikachukua jembe langu, nikasimama kando yake. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, kwa upole uleule wa siku zote. Afadhali angenitukana. Tumepalilia mpaka saa sita.