Shairi la Mawe ya Barabara

Kwa kaka yangu mkubwa,

Shikamoo kaka. Vipi mgongo, bado unakusumbua ukiinama? Msalimie sana shemeji. Mimi ni mzima, ukiondoa jino moja na mbavu zinazoniuma nikicheka, na humu mahabusu, kwa bahati nzuri, hakuna la kuchekesha.

Najua umekasirika. Kazi hii ya askari wa jiji ulinitafutia wewe, na niliyempiga ni rafiki yako. Lakini umesikia vipande vipande, kwa hiyo acha nikusimulie mwenyewe.

Nilikuandikia kwamba nimeanza masomo ya jioni. Darasani nilikaa dawati moja na mama muuza viatu vya mitumba, tuliyemwita Mama Raba. Wote niliwaambia nalinda ghala la saruji. Ningesemaje, kaka? Nusu ya darasa ni wachuuzi, na mimi ndiye ninayewakimbiza asubuhi.

Siku moja mwalimu alituletea shairi la zamani, la mtu wa nchi ya mbali. Anatembea kwenye mji wenye moshi, na kila jiwe la barabara analolikanyaga analisikia likiguna, kwa sababu chini yake amelala mtu. Mwanzoni tulicheka. Mwalimu akalisoma tena polepole, na fundi magodoro aliyekaa nyuma akaacha kutafuna. Mama Raba akasema mshairi amewaonea huruma waliolala chini, ila amemsahau aliyeyapanga mawe. Nikaropoka kwamba huyo ni kibarua tu, katumwa, ana watoto. Akanigeukia, bila ukali wowote, akaniuliza: "Na mikono ni ya nani?"

Darasa zima lilicheka. Nikacheka nao.

Wiki iliyofuata tuliagizwa kusafisha barabara ya sokoni. Huyo rafiki yako, ambaye kazini tunamwita Nyundo, alituambia leo si kufukuza, leo ni kuvunja, wasirudi tena. Niseme kweli, ukishavaa ile kofia yenye kioo na wenzako wakaanza kupiga kelele, mwili unajiendea wenyewe. Muuza mayai alikanyagwa juu ya mayai yake. Fundi saa alikataa kuachia kisanduku chake, wakamvunja vidole papo hapo juu ya kisanduku. Watu walikuwa wanateleza kwenye damu na nyanya, huwezi kujua kipi ni kipi.

Mama Raba alikuwa chini katikati ya viatu vyake, kichwa kimepasuka, damu imemfunika jicho. Nyundo alikuwa anampiga mateke ya mbavu, anarudia rudia, kama mtu anayewasha pikipiki mbovu. Nilimwambia aache, namfahamu huyu. Akanijibu neno, nami nikamshushia rungu la taya. Taya lililia kama kuni inayopasuliwa. Alipoanguka sikuacha. Nilimpiga usoni mpaka wenzangu waliponivuta kutoka juu yake, nao wakanimalizia kwa buti. Nasikia madaktari hawana hakika na jicho lake la kulia.

Tangu hapo nimekuwa shujaa. Wachuuzi wananiletea sabuni na chai. Wakili amejitolea bure, anasema tutashinda kwa kuwa nilikuwa namwokoa mtu. Jana mwalimu alikuja kuniambia Mama Raba amezinduka, ingawa mkono wa kushoto haushiki kitu. Mama huyo alikuwa amemtuma aniambie, "Asante, mwanangu."

Kaka, kile kichwa hakukipasua Nyundo. Nilikipasua mimi. Alikuwa amenipa mgongo, ameinama anakusanya viatu, nami nikaona kitambaa cha kichwa tu, nikashusha rungu kwa nguvu zangu zote. Alipokuwa anaanguka ndipo nikaiona sura. Yeye hakuiona yangu. Na lile neno la Nyundo lilikuwa hili: "Wewe ndiye uliyempasua, mimi namalizia tu." Mpaka leo sijui kama nilikuwa namtetea yule mama au namziba mdomo aliyeniona.

Nilimweleza mwalimu hayo hayo, nikamwomba amfikishie Mama Raba kabla hajayasikia kwa watu. Akaniambia hatakwenda, hayo si ya kutumwa mtu. Basi kesho nitayasema mwenyewe mahakamani. Wakili ataniacha, na chai haitakuja tena. Najua umenitaka nimwombe Nyundo radhi yaishe. Taya lake nitaliombea radhi, lakini yaliyobaki hayawezi kuisha hivyo.

Ukija kesho, njoo ukae tu, usinizuie. Wabusu watoto. Mama naye atauliza. Mweleze yote, na hili la mwisho usimfiche.

Ni mimi mdogo wako,
ninayekuheshimu.