Damu Yangu Uliyoiombea

Kwako uliyekuwa mpenzi wangu,

Sitakutaja jina. Usidhani ni huruma. Wanaokufahamu watakutambua kabla hawajafika katikati ya barua hii, na wasiokufahamu hawajapungukiwa na kitu. Nakuandikia hadharani kwa sababu ulichonifanyia ulikifanya hadharani.

Nianze na mazuri, maana yalikuwapo. Unakumbuka mafuriko ya Houston, mwaka 2017? Barabara zilipofunguliwa tu, niliendesha gari kutoka kwangu Carrollton, kando ya Dallas, na katoni za maji ya kunywa, nikakukuta umeketi juu ya boneti ya gari lako lililokufa, umekumbatia viatu vyako vya kanisani. "Hivi ndivyo vimepona," ukasema. Tulicheka mpaka jirani yako, aliyekuwa akitoa zulia lililooza, akatukazia macho. Siku hiyo hiyo nilikubeba wewe na viatu vyako, tukarudi Dallas.

Uliishi kwangu. Kwa watu ulikuwa binamu yangu, na hakuna aliyeuliza zaidi. Jumamosi tulikuwa tunakwenda Haltom City kwa dada yangu Rehema kumchukua mwanawe, Tumaini, tumpeleke kwenye bembea. Tumaini ana selimundu. Akikimbia kidogo anachoka, na wewe ulikuwa humngoji aombe. Unachuchumaa, anapanda mgongoni. Alikuwa anakuita "Uncle Number Two." Ulijifanya hupendi, lakini nilikuona ukitabasamu.

Mwaka uliofuata Tumaini alizidiwa. Alilazwa Fort Worth, amevimba mikono na miguu, analia mpaka sauti inakauka. Madaktari wakamwongezea damu, wakamweleza dada kwamba ataihitaji tena na tena, na kwamba inayomfaa zaidi mara nyingi hupatikana kwa watu weusi wenzake, ambao ni wachache wanaojitokeza kuchangia. Rehema alilipeleka ombi hilo kanisani kwetu Garland. Wewe, kiongozi wa vijana, ukapewa kazi ya kuandaa siku ya kuchangia damu.

Tulilizungumza ndani ya gari, mimi na wewe. Tuliijua sheria: mwanaume aliyelala na mwanaume ndani ya mwaka mmoja haruhusiwi kutoa damu. Haikujali kwamba tulikuwa wawili tu, wala kwamba tulipima pamoja tukakutwa wazima. Nilikuambia, "Mimi siwezi kudanganya kwenye jambo la mtoto." Ukasema, "Basi hatuingii. Mimi nitashughulika na watu nje, wewe utagawa juisi. Nani atajua?"

Jumapili ile basi la kuchangia damu likaegeshwa nje ya kanisa. Nimeshika katoni ya juisi, nikakusikia kwenye kipaza sauti: "Wapendwa, nani aanze kama si mjomba mtu? Kaka, karibu! Tuonyeshe njia!" Watu wakapiga makofi. Nikakutazama. Ulikuwa unatabasamu, na wewe hukunitazama.

Nimelifikiria tabasamu lile kwa muda mrefu. Baadaye nilisikia kwamba wiki hiyo mzee mmoja wa kanisa alikuuliza kwa nini hujaoa na kwa nini bado unaishi kwangu. Ulihitaji mtu wa kumtanguliza mbele yako, ukanichagua mimi.

Niliingia. Nesi, mama mpole mwenye miwani, akauliza maswali yake, akafika kwenye lile. Nikamjibu kweli. Akaacha kuandika. "Pole sana," akasema, "sheria si yangu." Nikamwambia mtoto anayehitaji ni mpwa wangu. Akarudia pole yake, na nikaona ananionea aibu kwa niaba ya waliompa ile kazi.

Nilishuka kabla juisi haijapata joto, mkono wangu hauna plasta. Baada yangu alipanda mpiga kinanda wetu, ambaye kanisa zima lilijua ana wachumba wawili na hakuna anayemfahamu mwenzake. Akapita. Halafu ukapanda wewe. Wewe! Uliyeamka kwangu asubuhi ile, ukanywa chai yangu. Ulishuka na plasta, umekunja mkono wa shati mpaka begani ili aliye nyuma kabisa aione.

Mzee mmoja akauliza kwa nini mimi nimerudishwa. Ningeweza kusema sukari, au presha. Hukunipa nafasi. Ulishika kipaza sauti ukasema kwa unyenyekevu mkubwa, "Damu ya ndugu yetu imekataliwa. Tusiulize zaidi, wapendwa. Tumwombee." Ukafumba macho, ukaniombea. Watu wote wakaitikia amina.

Baada ya hapo salamu zikapungua. Mama aliyekuwa akinipa mkono akaanza kunipungia. Sahani niliyotumia kula kwenye msiba mmoja, niliona inatupwa jalalani. Tumaini, kitandani hospitalini, akaniuliza, "Uncle, is your blood bad?" Nikamwambia si mbaya. Kisha nikatoka nje ya chumba.

Jioni ile nilimwambia Rehema kwamba nampenda mwanaume. Sikukutaja. Alilia, na baada ya wiki kadhaa akaja na sufuria la makande. "Kula," akasema. "Wewe ni mdogo wangu. Na aliyekuombea vile, mimi sijampenda."

Wewe ulikuwa umesharudi Houston. Uliniachia ujumbe kwenye simu kwamba Mungu amekuonyesha njia nyingine. Baadaye nikasikia umechumbia, na kwamba wanakuandaa uwe mchungaji.

Kisha ikaja korona. Damu ikaadimika nchini, na ule mwaka mmoja ukageuka miezi mitatu. Damu yetu haikuwa imebadilika. Shida yao ndiyo iliyobadilika. Tangu uondoke sikuwa na mtu, kwa hiyo vituo vilipoanza kufuata sheria mpya nilikwenda, na barakoa yangu, nikajibu kila swali, nikalazwa kwenye kiti. Nilitazama mfuko ukijaa. Nikampigia Tumaini kwa video nikamwonyesha plasta. Ndipo nilipomwambia dada jina lako.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Yule aliyekuwa anambeba mwanangu?"

Mwezi huo makanisa yetu ya Dallas na Houston yakafanya ibada ya pamoja mtandaoni, na wewe ukatoa neno. Uliwahimiza watu wachangie damu! Ukasimulia siku ile ya Garland. Nilikuwa nimekaa kando ya dada, nje ya kamera, nikamwona anafungua sauti yake.

"Bwana asifiwe, mtumishi. Mimi ni mama Tumaini."

"Amina, mama Tumaini! Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nina swali. Siku ile mdogo wangu alimjibu nesi ukweli, akarudishwa. Wewe ulipoulizwa swali hilo hilo, ulijibu nini?"

Mchungaji mkuu akakohoa. "Mama, labda hili tulizungumze pembeni."

"Hapana, baba mchungaji. Yeye alimwombea mdogo wangu mbele za watu. Ajibu mbele za watu, tumwombee na yeye."

Ukaganda. Mdomo wazi, mkono hewani, hata kope huchezeshi, kama mtu aliyekatikiwa na mtandao. Tulisubiri. Halafu mzee mmoja, ambaye hakujua kwamba sauti yake iko wazi, akamuuliza mkewe, "Mbona feni nyuma yake inazunguka?"

Nilicheka mpaka dada akanifinya. Naambiwa uchungaji umeahirishwa na uchumba umevunjika. Kesho yake uliniandikia neno moja, "Umeniua." Sikukujibu. Jibu ndilo hili: sikukuua, na sina majuto hata chembe. Nililala vizuri usiku ule, na mpaka leo nikikosa usingizi nakukumbuka ulivyoganda, nalala.

Ishi salama huko uliko, mbali nami.

Mimi,
Mjomba wa Tumaini