Karatasi ya Kumkabidhi Otis

Louella Pavelka,
Wilber, Nebraska.
10 Februari 2024.

Mpendwa Shangazi Vlasta,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti la kushoto linasemaje? Na Mama Inez, kifua chake kimetulia, au baridi ya huko Oregon bado inamwonea? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umevunjika, Shangazi, na sina wa kumwambia zaidi yako.

Asante kwa mbegu za popi. Nilioka kolache, vile vimkate vyetu vitamu, Jumapili nikaviunguza upande mmoja. Ungenicheka.

Unawakumbuka Marit na Joleen, wale wanawake wawili waliooana nikawa shahidi wao? Joleen alifariki Januari ya mwaka jana, gari lake liliteleza kwenye barafu. Ameacha mtoto, Otis, ana miaka sita. Joleen ndiye aliyemzaa, Marit ndiye aliyemkata kitovu, na cheti cha kuzaliwa kina majina ya wote wawili.

Sasa nikwambie kosa langu. Wewe na Inez ndio mlionitia kwenye kazi hii ya uwakili, mlipohama mji huu kwa kuchoshwa na masengenyo juu ya mapenzi yenu. Miaka thelathini na moja nimetetea familia kama yenu. Nimevunjiwa kioo cha ofisi mara mbili, nimesimama na bango kule Lincoln mpaka sauti ikakauka. Siku sheria ilipowaruhusu kuoana nililia kama mtoto. Hata hivyo kila wawili wakija na mtoto nawaambia wakamwasili mbele ya jaji, hata kama jina liko kwenye cheti. Cheti si hukumu. Huwa sisikilizi kisingizio cha mtu.

Nilipowaambia hao wawili hivyo, Joleen akiwa bado hai, Marit alinicheka. "Wakili, nipeleke alama za vidole polisi kama mwizi, kwa mwanangu mwenyewe? Mbona jirani yangu Kevin hapelekwi, na majina ya watoto wake yanampotea?"

Tulicheka sote watatu. Lakini niliona aibu usoni mwake, nikamwonea huruma. Nikasema haya, tutafanya kiangazi. Kiangazi kikaja, kikapita, sikuwakumbusha. Katika miaka yote hiyo ni hao tu niliowalegezea kamba.

Wazazi wa Joleen walikwenda mahakamani. Jaji ameamua kwamba Marit si mzazi, kwa kuwa mtoto si damu yake wala hakumwasili. Nimekata rufaa. Itachukua mwaka mzima, na mwaka kwa mtoto wa miaka sita ni mrefu mno.

Jana Otis alikabidhiwa kwa babu yake, baba wa Joleen, ofisini kwangu. Mzee alisimama na kofia mkononi.

"Lou, nasi tunampenda."

"Basi mpendeni na mama yake," nikamjibu.

Otis alimwuliza Marit atalala kwa babu siku ngapi. Marit akamfunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akamwambia amsikilize bibi. Mtoto alipotoka, nilitaka Marit anitukane. Badala yake alinishukuru kwa kazi yangu. Hilo limenichoma kuliko tusi lolote.

Nisalimie Mama Inez, binamu Zdenka na watoto wake wote. Mwambie Inez nimepata soksi zake.

Nilitaka kuishia hapo, Shangazi, lakini nisipokwambia hili sitapumua. Kuna karatasi ya mahakama ambayo anayemkabidhi mtoto lazima atie sahihi. Ina mstari wa jina, na chini yake mstari wa uhusiano na mtoto. Marit aliandika jina, akainua kalamu.

"Wakili, hapa niandike nini?"

Akiandika "mama" anaikaidi amri ya mahakama, na rufaa yetu inaharibika. Nilimwambia aandike "hakuna". Aliandika polepole, kwa mwandiko mzuri, kisha akaniuliza kama ameandika vizuri.

Mungu awalinde ninyi wawili na awaache pamoja.

Mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Lou