Maumivu ya Upande wa Kuume

Kindu, siku ya tatu, magaribi

Miezi miwili sijaona damu yangu, na Zaina, mutoto wangu wa kwanza, iko na mimba. Mama na binti kubeba mimba pamoja, kwetu njo haya kubwa. Mimi niliyezaa tisa, wote wazima, Kindu nzima inanijua, leo naficha tumbo kwa kitenge!

Sokoni joto likanipanda usoni. Nikaogopa: ao si mimba, ni damu inakatika kwa uzee?

Halafu saa kumi upande wa kuume ukachoma: maumivu yangu ya katikati ya mwezi, ya siku za kushika mimba. Katika mimba zote tisa hayakuja hata mara moja. Nikacheka, nimejikunja.

Lakini kama yamerudi, basi bado naweza kubeba. Nikamutandikia bwana wangu mukeka wa kulala barazani.

"Mama Zaina, nimekosa nini?"

"Hujakosa, baba. Ngoja kwanza nimupokee mujukuu."