Neno Alilonena Bi Hadia

Kampala, 3 Juni 1956

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Alawiya,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepata nafuu. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Halua uliyonitumia ilifika, na wenzangu wa chuoni hawakunibakishia hata ya kuonja.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umeniambia Bi Hadia sasa analala chumbani mwangu, kwa kuwa ndugu za marehemu mumewe wamemtoa nyumbani kwake Wiyoni, wakishikilia kwamba si mjane, alikwisha kupewa talaka. Umesema pia Bwana Jeilani amesimamishwa kazi kwa ajili ya karatasi ile waliyoishika kuwa ushahidi, nawe humwitikii salamu akipita. Mama, mwitikie.

Unajua ni yeye aliyenifunza ukarani. Kila likizo aliniketisha mezani pake ofisini, akanionyesha namna ya kuyapokea maneno ya mshtaki. Hakuchoka kuniambia kwamba karani hana ulimi wake, aandike neno kama mtu alivyolinena, hata likimkera. Nami neno la kwetu lilinikera, wallahi! Huku walinicheka kwa kusema "nti" na "ndia", si nchi na njia, hata nikaionea haya lugha uliyonilea nayo.

Likizo ya mwaka jana Bi Hadia alikuja kushtaki kuibiwa sanduku. Bwana Jeilani alikuwa amekwenda kuswali, nikaandika mimi. Bi Hadia alisema, "Bwana meniwata Mokowe na sanduku, ye akenda Kililana." Wewe nawe wajua maana yake: mumewe alimwacha pale kwa muda tu, amngoje. Mimi, na usomi wangu, nikaona "meniwata" halifai kuingia karatasi ya serikali. Nikaandika: ameachwa na mumewe, akabaki Mokowe na sanduku.

Kosa hilo ningelibeba. Linalonila ni jingine. Bwana Jeilani aliporudi aliisoma karatasi, akaniuliza kama kweli Bi Hadia ametaja talaka. Papo hapo nikaliona kosa langu. Nikashindwa kulifuta mbele yake, nikamwambia ndivyo alivyonena. Aliniamini, akatia sahihi. Mwezi wa Shaabani, ndugu za mumewe Bi Hadia walipoitoa karatasi ile, aliniandikia kuniuliza tena. Sikumjibu, mama. Basi akawaambia wakubwa kwamba ni yeye aliyenitajia la kuandika, nisije nikaharibikiwa na masomo.

Juzi mwalimu wangu alinisomea barua ya Bwana Jeilani ya kunipendekeza kazi ya ukalimani Nairobi. Ameandika kwamba kijana huyu huandika lile mtu alilolinena. Nilitoka nje nikalia.

Kazi hiyo nimeikataa. Kadhi nimemwandikia yote, na barua hiyo inakuja kwa posta hii hii, kabla kesi ya Bi Hadia haijasikizwa mwezi ujao. Hii yako msomee Bi Hadia neno kwa neno, usinisafishie hata moja.

Nisalimie wote wa mtaani. Bwana Jeilani naye mpe salamu zangu, akizikataa ni haki yake. Nami nakuomba, mama, kwa lugha yetu: usiniwate.

Ni mimi mwanao,
Muhdhar