Kugawa Timu za Sahani Mama Ngina

Bondeni, Mombasa

Kaka yangu Mwakio,

Salamu hizi zikukute umemaliza kukamua na umekaa kitako, maana najua barua husomi ukiwa wima. Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalonipunguza. Goti la Mama linaendeleaje? Na wifi amejifungua salama? Nijibu haya kwanza, kisha ndipo unilaumu kwa kukawia kuandika.

Kazini ni yale yale. Wameleta kompyuta moja, wakaifunika kitambaa kama bibi harusi, nasi wapiga chapa tumeambiwa tusiiguse. Habari ya ofisi inaishia hapo. Iliyonijaa kichwani ni ya Jumapili.

Ulicheka nilipokuandikia kwamba watu wazima hapa hurushiana sahani ya plastiki. Cheka tena, lakini sikiliza. Mwalimu mmoja mgeni alipoondoka alituachia sahani chache na mchezo wenyewe, nasi tunaucheza katika kiwanja cha nyasi karibu na barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari, wanaume na wanawake pamoja. Ukiidaka sahani huruhusiwi kukimbia nayo. Unasimama, unamtafuta mwenzako, unamrushia, mpaka mmoja wenu aidake ng'ambo ya mstari wa wapinzani. Refa hakuna. Aliyekumbwa husema, aliyemkumba hukubali au hubisha kwa adabu, na mchezo unaendelea. Wewe unayemfokea refa kila Jumamosi usingeuweza.

Taabu ilikuwa timu. Kila mtaa ulikuwa na yake, na vijana wa Bondeni waliwapiga wengine mpaka watu wakaanza kuona uvivu kuja. Tukakubaliana zichanganywe upya, na kazi hiyo nikapewa mimi. Usidhani ni kwa heshima. Omari, nahodha wa Bondeni, alisema sijui kudaka wala kurusha, kwa hiyo hakuna timu inayonitaka, na mimi sina ya kuipendelea.

Niliifanya kwa moyo, kaka. Nilimweka mwepesi pamoja na mzito, mzoefu pamoja na mgeni, mpaka timu zote nne zikalingana kama mizani ya duka. Kulikuwa na ndugu wawili wa Ndia Kuu, kule Mji wa Kale, Kassim na dada yake Rukia. Kassim ana mbio, na Rukia hapitwi na sahani. Nikaona wawili hawa wakiwa pamoja ni kuwadhulumu wengine, nikawatenga. Timu ya Kassim hucheza kwanza, kisha yeye hukimbilia dukani kwa baba yake. Timu ya Rukia ikawa inacheza baadaye, hadi karibu na magharibi. Kila mtu alinisifu.

Jumapili iliyofuata Rukia hakuja. Wala ile ya baadaye, na binamu zake wa kike waliokuwa wakija naye nao wakakoma. Omari akasema wasichana wa Mji wa Kale huchoka upesi, tutafute wengine. Maneno hayo yalinichoma. Rukia ndiye aliyenifundisha kushika sahani siku ambayo wengine walikuwa wakinicheka, na nilijua hakuchoka. Nilijua pia kwamba wakikoma wao, hakuna mzazi mwingine wa mtaa ule atakayemruhusu binti yake, na kiwanja kitabaki cha wanaume.

Nikaenda kwao. Mama yao, Bi Zuhura, alinikaribisha ndani, akanimiminia chai ya iliki, akanisogezea bakuli la kaimati, na hakutaka kusikia shida yangu mpaka nilipokula. Kisha nilimweleza jinsi nilivyozipima zile timu, tena kwa kujigamba kidogo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Umewapima mbio na mikono, mwanangu, umefanya vyema," akasema. "Lakini ulimuuliza mtu yuwaja na nani? Huyu kucheza atacheza. Ndiani atarudi na nani, magharibi hiyo?"

Kwetu msichana hupanda mlima na kuteremka na mzigo wa kuni peke yake, nani humuuliza? Haikunijia hata kidogo kwamba kumtenga Rukia na kaka yake ni kumfungia mlango. Kuuliza si ujinga, nami sikuuliza.

Nilipoaga, Bi Zuhura alinishika mkono. "Nawe waja na nani?"

"Peke yangu, mama."

Alinitazama usoni kabla ya kuniachia mkono.

Omari alikasirika niliporudi na shauri langu. Alisema Kassim na Rukia wakiwekwa timu moja, basi wengine tulale majumbani. Nikamjibu kwamba wanaokuja pamoja watacheza pamoja na kurudi pamoja, na timu yao itapunguzwa nguvu kwa kutiwa wachezaji dhaifu, wa kwanza nikiwa mimi. Hapo wakacheka wote, na ubishi ukalegea. Nikamuuliza kila mtu anakuja na nani. Kumbe fundi saa mmoja huletwa kwa baiskeli ya jirani yake, na wale dada wa Likoni lazima wacheze mwanzo ili wawahi feri. Nilikuwa nimewatawanya wote.

Jumapili nilikuwa nafunga kamba za raba zangu niliposikia hodi. Mlangoni walisimama Kassim, Rukia na binamu zao. Kaka, mtu anayetoka Ndia Kuu kwenda Mama Ngina hapiti Bondeni. Ni kukipa kiwanja mgongo.

"Mama asema tukupitie," Rukia akasema.

Nilirudi ndani nikajifanya natafuta kitambaa, kumbe nafuta machozi. Tangu nije mji huu hakuna aliyewahi kunipitia kwenda popote. Tulifungwa vibaya siku hiyo, na sehemu kubwa ya makosa ilikuwa yangu. Walinirudisha hadi mlangoni.

Nisalimie Baba Mdogo na jirani yetu mshona viatu. Shangazi mwambie leso yake nimeshainunua. Wifi mpe pole na hongera kwa pamoja, lolote litakalomfaa. Na Mama, ambaye najua hulala akiniwaza, mwambie mtoto wake ana watu wanaompitia.

Ni mimi dada yako,
Wakesho