Ezekieli Hakufukuzwa

Greyville,
Durban, Afrika Kusini.
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Nahimana,

Shikamoo, shangazi. Naomba barua hii ikukute uvimbe wa mguu umepungua, na ile dawa ya presha unaimeza kila siku, si siku unazojisikia vibaya tu. Sisi huku tu wazima. Baridi imeanza kutuacha, watoto wamepona mafua, na mke wangu Henriette bado anasuka nywele pale saluni mpaka vidole vinakakamaa. Anakuamkia sana.

Pierre-Claver alifika salama juma lililopita na barua yako pamoja na dagaa. Dagaa hawakumaliza siku mbili. Barua nimeisoma mara nne, hasa pale ulipouliza kama ni kweli wanayosema huko Kigoma, kwamba mdogo wangu Ezekieli alifukuzwa Uingereza kwa sababu ya madawa. Wewe ndiye uliyemlea tangu tulipovuka ziwa mpaka alipofika miaka kumi nikamleta huku. Una haki ya kujua yote, na mwenyewe kwenye simu angekuambia tu kwamba yuko salama.

Si kweli, shangazi. Hakufukuzwa na hakutumia kitu chochote. Aliacha mwenyewe, na sababu ni kichwa chake.

Najua huko mtu akisikia Ezekieli ni fowadi anafikiria mfungaji wa magoli. Kwenye hii raga ya wachezaji kumi na watatu, fowadi ni mtu wa kazi nzito. Anapokea mpira, anajitupa kwa watu watatu wanaomngoja, wanamwangusha, anainuka, anarudia. Wenzake wakipoteza mpira, yeye ndiye wa kuwaangusha wengine. Ezekieli alianza hapa shuleni kwa sababu alikuwa na mwili mkubwa na hakuogopa kuanguka. Alipofika miaka ishirini klabu moja ndogo ya kaskazini mwa Uingereza ikamchukua. Mwaka wa kwanza alikuwa ananipigia simu analia baridi. Mwaka wa nne yuko ligi kuu. Amecheza misimu tisa, mechi mia moja na themanini na moja, nasi tunamtazama kwenye simu hapa dukani kwangu, wateja na simu zao mbovu wakisubiri mpaka mapumziko.

Sasa nikuambie nisilojivunia. Miaka miwili iliyopita mkewe, Grâce, alinipigia akasema Ezekieli anatapika garini baada ya mechi, na kwamba anauliza jambo moja mara tatu. Nikamwambia avumilie, mafowadi wote wako hivyo. Nilisema hivyo bila kujua chochote. Nilipenda tu kuitwa kaka yake Ezekieli.

Desemba walikuja likizo, wakapanga chumba kule juu Berea. Alikuja na mkataba mpya wa miaka miwili, bado kuutia sahihi, na mimi nilikwisha kutangazia mtaa mzima.

Jumanne moja asubuhi akatoka Berea kwa miguu kuja dukani kwangu. Njia hiyo anaipita tangu utotoni. Iko mama mmoja hapa jirani, Mumtaz, anayeuza mapazia. Ni wa wale watu wa kitongoji cha Chatsworth wanaoitwa Wazanzibari, ingawa wamezaliwa hapahapa Durban. Alimwona Ezekieli amesimama kwenye robot, ndivyo tunavyoita taa za barabarani huku. Taa zikawaka nyekundu, zikawaka kijani, mtu hasogei. Mara ya nne Mumtaz akavuka kumfuata. Ezekieli akamwuliza kwa adabu kama anajua duka la simu la Athanase liko wapi. Shangazi, bango la duka langu lilikuwa mbele ya macho yake.

Yule mama akamshika mkono, akamwingiza kwake, akampa maji. Hapo ndipo mdogo wangu alipomweleza mtu wa nje mambo ambayo mimi sikuwahi kuambiwa. Alipomaliza, Mumtaz akamwambia, "Umwambie kaka yako leo. Ukishindwa, kesho nitamwambia mimi."

Akaja, ila mchana. Nilifunga duka saa tisa mchana, kitu nisichofanya hata siku za mvua. Akanieleza kwamba msimu uliopita aligongwa, akainuka, akaenda kujipanga na timu pinzani. Akanieleza pia kwamba kila mwanzo wa msimu daktari wa klabu huwapima kumbukumbu na wepesi wa akili, na yeye alikuwa anajibu polepole makusudi, ili siku akigongwa majibu yasionekane yameshuka. Wanaofanya hivyo si yeye peke yake. Alijaribu kucheka akisimulia, ikamshinda.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeniambia nivumilie," akasema.

Nikampigia Grâce simu.

Tulikwenda hospitali watatu, mimi, yeye na Grâce. Wakampiga picha za kichwa, wakampima wiki mbili. Daktari, mama mmoja mpole lakini hazunguki, akasema hakuna damu iliyovuja, na kwamba ubongo ukipumzishwa mengi yatarudi. Ila ukigongwa tena, hakuna wa kutuahidi kitu. Ezekieli akauliza kama anaweza kucheza msimu mmoja tu wa kuaga. Daktari akasema hilo hataliruhusu, kisha akamtazama Grâce. Grâce akamgeukia mumewe, akasema taratibu, "Mimi nimechoka kukuambia leo ni siku gani."

Kesho yake alimpigia kocha wake simu, amekaa hapa kwangu katikati ya chaja na vioo vilivyopasuka. Kocha akakiri kwamba aliwahi kushuku na hakutaka kujua. Walivyoagana sikusikia, nilitoka nje. Ezekieli aliona aibu, akaiomba klabu iseme tu kwamba ameondoka kwa sababu zake binafsi. Nafikiri huko ndiko watu walikopata nafasi ya kutunga hayo ya madawa.

Wakabaki hukuhuku. Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya, sikufichi. Mwanga ulimuumiza, kelele za taxi zilimuumiza, akawa anakaa ndani amefunga mapazia. Mwezi wa nne akaanza kutembea. Wa tano akawa anasoma gazeti na kunisimulia, nami nikawa namchokoza kwa maswali kuona kama ameshika. Siku hizi ameshika kuliko mimi.

Binti yake Mumtaz, Safiyyah, anacheza fowadi katika timu ya akina mama kule Chatsworth. Alimwomba Ezekieli awafundishe mafowadi. Akakataa mara mbili, akisema hana la kumfundisha mtu. Mwezi wa sita akaenda kuangalia tu, na tangu hapo hajakosa Jumamosi.

Mwanzoni mwa mwezi huu walicheza nusu fainali, nami nilikuwepo. Zimebaki dakika nane, wako nyuma kwa pointi mbili, na Safiyyah ndiye nguzo yao. Akamkaba mtu, kichwa kikagonga goti la yule dada. Akainuka haraka. Akaulizwa maswali ya kupima kichwa, akataja siku, akataja matokeo, bila kukosea. Ezekieli akaingia uwanjani, akamtazama machoni, akamtoa. Yule binti akamsihi kwamba yuko sawa kabisa.

"Najua utakavyojibu," Ezekieli akasema. "Mimi nilijibu hivyo miaka mingi."

Wakafungwa kwa pointi zilezile mbili. Mashabiki walimwambia maneno mazito, mmoja akamwita mwoga. Nilitaka kumjibu, Ezekieli akanivuta shati tuondoke. Mumtaz akampeleka bintiye hospitali, wakakuta ubongo umetikisika, apumzike mwezi mzima. Majuma mawili Safiyyah hakumsalimu Ezekieli. Halafu jana akatokea mazoezini amevaa nguo za kawaida, akasimama karibu naye, akamwomba amweleze anavyowapanga mafowadi. Walizungumza mpaka wenzao walipomaliza kukusanya mipira. Usiku Ezekieli alikula sahani mbili za ugali, na Grâce akaniambia hajamwona hivyo tangu walipooana.

Februari ataanza masomo ya ukocha. Kabla ya hapo, Desemba, yeye na Grâce wanakuja Kigoma kukuona. Tafadhali usimwanze kwa maswali. Mwache ale, alale, aamke. Ameniambia anataka kukueleza kwa mdomo wake, na naamini safari hii hatakuficha kitu. Na majirani wakiuliza, waambie alitoka uwanjani kwa miguu yake mwenyewe.

Unisalimie mjomba Yeremia, na Akimana na wanawe wote, hata yule mdogo ambaye bado sijamwona. Pierre-Claver atakuletea hii pamoja na soksi za kubana mguu alizonunua Henriette. Uzivae.

Mungu akutunze, shangazi, akupe usingizi mzuri na miaka mingi ya kutugombeza.

Ni mimi mwanao, nikupendaye siku zote,
Athanase